Macho yasiyokwenda pamoja: nisome nini ili niyatibu?

*"Nimemaliza kidato cha sita hapa Arua, kombinesheni yangu ilikuwa PCB (fizikia, kemia na biolojia). Mdogo wangu wa kiume ana miaka mitano. Jicho lake la kushoto huingia upande wa pua, hasa anapotazama kitu cha karibu. Nyumbani wanasema akikua litanyooka lenyewe. Nimesikia kuna wataalamu ambao kazi yao ni macho yasiyokwenda pamoja na mtu anayeona vitu viwili viwili, na wala si wapasuaji. Kazi hiyo ipo Uganda? Nisomee nini? Mjomba wangu, ambaye ndiye atakayenilipia karo, anasema ni udaktari au niache, kwamba kupima watu miwani si kazi ya mtu aliyefaulu. Na je, nikihitimu nitaweza kumtibu mdogo wangu?"*

Nitaanza na swali lako la mwisho, maana ndilo lenye haraka. Hapana, hutamtibu wewe. Hata ukiingia chuo muhula ujao, siku utakapovaa joho mtoto atakuwa na miaka tisa au kumi, na tiba ambayo leo ingekuwa rahisi itakuwa imegeuka kibarua. Wewe unaweza kusubiri chuo, jicho lake haliwezi. Kwa hiyo endelea kutafuta kozi, lakini wiki hii mpeleke kwenye idara ya macho ya hospitali ya rufaa iliyo karibu, na kwenu hiyo ni ya Arua pale pale. Usingoje likizo wala mavuno.

Hilo la kunyooka lenyewe lina chembe ya ukweli, na ndiyo maana haliishi vinywani. Mtoto mchanga macho yake yanaweza kupishana mara moja moja katika miezi mitatu minne ya kwanza, kisha yakatulia. Tena wapo watoto wenye pua bapa na ngozi iliyofunika pembe ya ndani ya jicho, unaowaona kana kwamba wana makengeza na kumbe hawana. Pua ikiinuka, yale "makengeza" hutoweka, na bibi wa mtaa mzima anapata ushahidi wa miaka ishirini. Lakini mtoto wa miaka mitano ambaye jicho lake linaingia ndani kweli kweli hayumo katika makundi hayo mawili.

Umeandika jambo ambalo wazazi wengi hawalioni: kwamba jicho huingia hasa anapotazama karibu. Ngoja nikueleze kwa nini nimelitilia maanani.

Jicho la mtoto likiwa fupi kuliko inavyopaswa, picha ya kile anachotazama hulenga nyuma ya retina, ule utando wa ndani ya jicho unaopokea picha, si juu yake. Ili aone sawasawa, mtoto hukaza lenzi iliyo ndani ya jicho, na picha hurudi mahali pake. Watoto wana nguvu nyingi sana ya kukaza, hivyo mtoto wa namna hiyo anaweza kuokota sindano sakafuni na hakuna anayeshuku kitu. Tatizo ni kwamba ubongo umefunga kazi mbili katika amri moja: lenzi ikikazwa, macho yote mawili huvutwa kuelekea pua. Kwa mtu wa kawaida hilo ni msaada, kwa sababu huwezi kusoma kitabu bila macho kukutana mahali pamoja. Mtoto anayelazimika kukaza kupita kiasi huvutwa macho kupita kiasi, na kitu kikiwa karibu, mzigo unaongezeka. Mwishowe jicho moja huachilia na kuingia ndani.

Makengeza ya aina hii mara nyingi huanza mtoto akiwa na miaka miwili au mitatu, na tiba yake ya kwanza ni miwani, wala si kisu. Miwani ikifanya ile kazi ya kukaza, ule mvuto unalegea na jicho linanyooka, kwa wengine kabisa, kwa wengine nusu. Akiivua linarudi kupinda. Hapo ndipo utasikia majirani wakisema miwani imemharibu mtoto, eti tangu avae, akivua linapinda zaidi. Haikumharibu. Ni kwamba sasa mnaona tofauti, na yeye mwenyewe, akiwa ameonja kuona bila jasho, akiivua anakaza kwa bidii zaidi ili aone vilevile.

Sijamwona, kwa hiyo sisemi kwamba hii ndiyo aina yake. Jicho linaweza pia kupinda kwa sababu halioni: lina mtoto wa jicho, lina kovu, au kuna uvimbe ndani. Makengeza ni dalili ya pili kwa wingi ya retinoblastoma, saratani ya retina inayowapata watoto wadogo. Ya kwanza ni mng'ao mweupe ndani ya mboni, ambao wakati mwingine huonekana kwenye picha ya simu iliyopigwa kwa mwanga wa kamera kabla mtu hajauona kwa macho. Pitia picha zake za zamani leo usiku. Ukiona mboni moja inang'aa nyeupe, usingoje hiyo wiki, nenda kesho asubuhi. Ugonjwa huo unatibiwa hapa nchini, na Ruharo, Mbarara, ni kituo kinachojulikana kwa kazi hiyo. Ukikosa mng'ao, zihifadhi picha hizo hata hivyo, maana zitamwonyesha mpimaji makengeza yalianza lini.

Siku ya kupimwa watamtia matone ya kulegeza ule ukazaji, la sivyo kipimo cha miwani kitadanganya. Mboni zitakuwa kubwa na mwanga utamsumbua. Matone mengine nguvu yake huisha kwa siku moja, lakini atropini inaweza kuchukua wiki mbili. Mwambieni mama mapema, asije akadhani mwanawe ameumizwa. Na tafadhali, msimfunike jicho wenyewe nyumbani kabla hajapimwa. Mkifunika kiholela, hata lile jicho lisilo na kasoro linaweza kudhoofika.

Sasa kwa nini nasema halisubiri? Jicho moja likitazama kitabu na lingine likitazama pua, ubongo hupokea picha mbili zisizolingana. Mtu mzima akipatwa na hali hiyo huona vitu viwili viwili na kuteseka. Mtoto hateseki, na hapo ndipo penye hatari. Ubongo wake hufanya kama mtu aliyewashiwa redio mbili zenye stesheni tofauti, anaizima moja. Mtoto anaona kitu kimoja, anacheza, halalamiki. Lakini sehemu ya ubongo inayopaswa kujifunza kuona kwa lile jicho lililozimwa haijifunzi, na eneo lake huchukuliwa na jicho lenzake. David Hubel na Torsten Wiesel walilionyesha hili kwa paka wachanga waliofungwa jicho moja, na mwaka 1981 wakapewa tuzo ya Nobel. Jicho lenyewe lilikuwa zima, ila ubongo ulikuwa umelisahau. Kwa binadamu hali hiyo tunaiita ambliopia, na hakuna miwani itakayoirekebisha baadaye ikiwa ubongo haukufundishwa mapema.

Kuufundisha ndiko kule kufunika jicho zima kwa plasta ili lile dhaifu lifanye kazi, au kulitia jicho zima atropini liwe na ukungu. Zamani watoto walifunikwa kutwa. Utafiti wa Marekani uliotoka 2003 ulionyesha kwamba kwa ambliopia ya wastani, saa 2 kwa siku zilileta matokeo sawa na saa 6. Umri mzuri ni kabla ya miaka saba. Baada ya hapo mlango haufungwi kwa kishindo, na utafiti mwingine wa 2005 ulikuta kidogo zaidi ya nusu ya watoto wa miaka 7 hadi 12 waliotibiwa walipata nafuu ya mistari miwili au zaidi kwenye ubao wa herufi. Kwa hiyo anayekuambia mtoto wa miaka minane "amechelewa, rudini nyumbani" amekosea. Amechelewa, ndiyo, lakini tiba ipo. Upasuaji wa misuli nao upo na madaktari wetu wanaufanya, ila unanyoosha jicho tu, haulifundishi kuona. Ndiyo maana kwa kawaida hutangulia miwani, halafu plasta, na kisu baadaye, kikihitajika.

Hayo yote niliyokueleza ndiyo kazi uliyoulizia. Inaitwa othoptiki. Ilianza kuwa taaluma London katika miaka ya 1920, na Mary Maddox, binti wa daktari wa macho, ndiye anayehesabiwa kuwa mtu wa kwanza kuifanya. Mtaalamu wake hapasui. Anapima jinsi macho mawili yanavyokwenda, anapata nambari ya jinsi jicho lilivyopinda kwa kutumia prizma (kioo kinachopindisha mwanga), anaangalia kama ubongo bado unaunganisha picha mbili, anaongoza tiba ya plasta, na anamwambia daktari wa upasuaji ni msuli upi uguswe na kwa kiasi gani. Kila jicho lina misuli sita, na yote kumi na miwili inaendeshwa na neva za aina tatu tu kati ya zile kumi na mbili za fuvu. Ukiijua ramani hiyo vizuri, jicho linakuambia ni wapi kichwani pameharibika. Mimi hapo ndipo kazi hii iliponishika na haijaniachia.

Watu hudhani ni kazi ya watoto peke yao. Siku hiyohiyo uliyomfunika mtoto plasta, ataingia mwendesha boda boda aliyeanguka mwezi uliopita, kichwa kimelala begani. Anasema kila kitu ni viwili, kimoja juu ya kingine, na kushuka ngazi ni taabu. Unamfunika jicho moja. Kama kivuli cha pili kinabaki, tatizo liko ndani ya jicho lenyewe, pengine lenzi. Kama kinatoweka, macho hayaelekei mahali pamoja. Kwa huyu kinatoweka. Neva ya nne ni nyembamba na ndiyo yenye safari ndefu kuliko zote za macho ndani ya fuvu, kwa hiyo pigo la kichwa huidhuru kwa urahisi, naye amelaza kichwa ili picha mbili zikutane. Neva hizi zinaweza kupona zenyewe, kwa hiyo tunangoja kama miezi sita kabla ya kuzungumzia upasuaji, na katika kungoja unambandikia prizma nyembamba kwenye miwani ili aweze kufanya kazi.

Halafu anakuja mgonjwa wa kisukari ambaye jicho haliendi nje. Huyo mara nyingi hupona katika miezi mitatu sukari ikidhibitiwa. Anayefuata ana dalili ileile kabisa, jicho haliendi nje, ila ana kichwa kinachouma kwa wiki kadhaa, anatapika, na anaishi na virusi vya ukimwi. Huyo humpangii tarehe ya kurudi. Unampeleka wodini wewe mwenyewe, kwa sababu yaweza kuwa homa ya uti wa mgongo ya fangasi, na msukumo ndani ya fuvu ndio unaoibana neva ya sita. Na ukikutana na kope iliyoanguka ghafla pamoja na mboni iliyopanuka, hiyo ni dharura ya saa ileile, pengine mshipa wa damu umevimba ndani ya kichwa. Msomaji mwingine yeyote anayeanza ghafla kuona viwili viwili asiisome aya hii kama burudani; aende hospitali leo.

Turudi kwa mjomba. Usimbishie kwa ukali, kwani anayelipa karo ana haki ya kuuliza. Mwambie hivi: kumpima miwani mtoto wa miaka mitano asiyejua herufi si kumuuliza lenzi ipi nzuri, hii au ile. Unamulika jicho, unasoma jinsi mwanga unavyorudi kutoka kwenye retina, na kutokana na mwendo wa mwanga huo unapata nambari bila mtoto kusema neno. Halafu mwulize kama anamfahamu mtu anayeweza kufanya hivyo mtoto akilia.

Hata hivyo udaktari si ushauri mbaya, ni njia ndefu tu. Makerere ni miaka mitano, mwaka mmoja wa mafunzo kazini, halafu shahada ya uzamili ya macho ya miaka mitatu, Makerere au Mbarara, ndipo uchukue mafunzo ya juu zaidi ya macho ya watoto na makengeza. Kama unataka kushika kisu, hakuna mkato, fuata hiyo. Kama moyo wako uko kwenye kupima, kufikiri na kumfuatilia mtoto mmoja kwa miaka, utakuwa umezunguka sana kufika mahali palipo karibu.

Kwa Uganda, mlango ninaokushauri ni shahada ya optometria, yaani taaluma ya kupima macho na miwani. Makerere ilianza kuifundisha mwaka 2014, inachukua miaka minne, na PCB yako inafaa, ingawa uangalie masharti ya mwaka utakaoomba. Humo utasoma miwani, magonjwa ya jicho, na misingi ya macho mawili kufanya kazi pamoja. Ukihitimu, jiegemeze upande wa watoto na makengeza kwa kufanya kazi chini ya daktari bingwa anayeshughulika na hayo. Nje ya Kampala kuna Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, Kakamega, upande wa Kenya, na stashahada ya hospitali ya rufaa ya KCMC, Moshi, nchini Tanzania. Mlango mwingine ni wa afisa wa kliniki wa macho. Chuo cha Jinja kimewafunza wengi, na hao ndio wanaobeba huduma ya macho wilayani, ila huchukua watu ambao tayari ni wahudumu wa afya, kwa hiyo ungeanza na stashahada ya afisa wa kliniki. Ni njia ya heshima na ya gharama nafuu, lakini kazi nyingi itakuwa mtoto wa jicho, vidonda na trakoma, na makengeza utayaona kwa nadra.

Shahada ya othoptiki tupu utaipata Uingereza: Sheffield na Liverpool ni miaka mitatu, Glasgow Caledonian minne. Mafunzo ni mazuri mno, na karo ya mgeni ni ya kuuza ng'ombe wote wa ukoo. Mimi nisingemshauri kijana kuanzia huko. Anza hapa, na ukipenda kazi hii baada ya kuifanya, tafuta ufadhili wa mafunzo ya juu ukiwa na kitu mkononi.

Nisikufiche upande wa mkate. Wahitimu wengi wa optometria huishia kwenye maduka ya miwani Kampala, kwa sababu ndiko kwenye mshahara, na dukani utapimwa kwa fremu ulizouza. Nafasi za serikali ni chache na hazifunguki kila mwaka. Anayetaka makengeza hasa hulazimika kujitengenezea kazi: siku tatu dukani, siku mbili kliniki ya watoto hospitalini, mpaka jina lake lijulikane na madaktari wamtumie wagonjwa. Vifaa vyenyewe havitishi. Tochi, kifuniko, kijitabu cha picha, mwanasesere, na seti ya prizma ambayo ndiyo ghali kati ya hivyo.

Kuna jambo la tabia pia. Mwenye mtoto wa jicho unamfungua bandeji kesho yake anaona, na familia inapiga vigelegele. Huku kwetu hakuna vigelegele. Kuna mama anayerudi baada ya miezi mitatu akisema plasta iliisha wiki ya pili na baba hakutoa nauli ya kurudi, na mtoto anaitwa majina shuleni. Ukimgombeza, hutamwona tena. Unakaa chini, unamweleza upya kuhusu ubongo na redio zake, mnapanga plasta ivaliwe jioni nyumbani baada ya shule badala ya darasani. Nusu ya tiba ni maneno hayo, na hapa Kiswahili chako na Kilugbara chako vina thamani kuliko unavyodhani. Kliniki ya West Nile inampokea mama wa Koboko, mkimbizi wa Sudan Kusini kutoka Bidibidi na mfanyabiashara kutoka Kongo katika foleni moja, na mpimaji asiyeeleweka hatibu ambliopia ya mtu.

Kabla ya kujaza fomu, siku utakapompeleka mdogo wako mwombe mkuu wa idara akuruhusu ukae pembeni asubuhi chache ukitazama. Wengi hukubali ukiomba kwa adabu na ukawa tayari kupanga mafaili. Tazama watoto wakipimwa, si wazee wa miwani ya kusomea peke yao. Ukitoka hapo umechoka lakini bado unauliza maswali, jaza fomu ya optometria. Na ukiamua chuo cha nje ya nchi, usilipe hata shilingi kabla hujaliuliza kwa maandishi Baraza la Taifa la Elimu ya Juu kama shahada hiyo italinganishwa na za hapa, na Baraza la Wataalamu wa Afya Shirikishi kama litakusajili kufanya kazi, na kwa cheo gani.